Uliza Mwalimu: Mwanangu skauti anapelekwa Selma kugawa maji, nimruhusu?

Jamani barua za mwezi huu nimezisoma zote, zingine mara mbili mbili. Wengi mmeuliza habari za watoto na skauti, manake Machi inakaribia na huku kusini mwa Marekani Machi ni mwezi wa Selma. Kwa ambao hamjui, kila mwaka mwanzoni mwa Machi watu wanajaa mji mdogo wa Selma, jimbo la Alabama, kukumbuka Jumapili ya tarehe 7 Machi 1965, siku ambayo waandamanaji kama 600 walipigwa na askari kwenye daraja la Edmund Pettus kisa wanadai haki ya kupiga kura. Trupu, yaani kundi la skauti, ya mjukuu wangu imeshaenda kusaidia kazi pale na mimi nilifuatana nao, kwaiyo hili nalijibu kama mtu aliyefika. Na kama mnavyojua skafu ya skauti niliivaa toka shule ya msingi Tanga, nikaja kuwa mwalimu nikawavisha wenzangu, mambo haya yananigusa.

Shikamoo Mwalimu. Mimi ni mama wa watoto watatu, Mtanzania, tuko Birmingham Alabama toka 2016 tulivyobahatika grini kadi. Kijana wangu wa kwanza ana miaka 12, ameingia skauti mwaka jana na amependa kupita kiasi, skafu haitoki shingoni. Sasa skautimasta katuma meseji kwamba mwezi wa tatu trupu inaenda Selma kwenye kumbukumbu, watalala kanisani usiku mmoja alafu Jumapili ni kazi. Nilivyosoma hizo kazi nikaishiwa nguvu. Kugawa maji, kuokota chupa, kusukuma wazee kwenye wilchea. Mi nlidhani watabeba bendera na kupiga gwaride kama tulivyokua tunaona uwanja wa taifa siku ya Uhuru. Baba yao ndo kabisa, anasema hizo ni siasa za watu na historia ya watu, sisi wageni tukae mbali. Nimruhusu?
Mama Watatu, Birmingham

Marahaba mwanangu. Mruhusu. Nimeanza na jibu kwa sababu najua fomu ya ruhusa ina siku ya mwisho, maelezo ndo haya yanafuata.

Hayo maji kwanza. Tarehe 7 Oktoba 1963, Selma hiyo hiyo, watu weusi kama 350 walipanga foleni nje ya mahakama ya kaunti ili wajiandikishe kupiga kura. Uelewe hali ilivyokua, kaunti ile inaitwa Dallas na ilikua na watu weusi kama 15,000 waliofikisha umri wa kupiga kura, walioandikishwa ni mia chache tu. Ofisi ya kuandikisha ilikua inafunguliwa siku mbili kwa mwezi, na ukifanikiwa kuingia unapewa mtihani ambao anayesahihisha anaamua anavyotaka yeye. Sasa wale watu wakasimama juani toka asubuhi, wazee kwa vijana, na sherifu Jim Clark, mkuu wa polisi wa kaunti, na watu wake wamewazunguka na marungu, hakuna kutoka kwenye mstari, hakuna kula, hakuna kunywa. Pembeni kidogo kulikua na kitoroli cha dukani kimewekwa maji na mikate lakini hamna aliyeruhusiwa kukisogeza. Mchana vijana wawili wa SNCC, ile kamati ya wanafunzi waliokua wanapigania haki, wakajaza chakula mikononi wakaanza kutembea kuelekea foleni. Hawakufika. Waliangushwa chini wakapigwa na wakachomwa na zile fimbo za umeme za kuswagia ng'ombe, wakaburutwa hadi kwenye gari wakapelekwa ndani. Watu wa FBI, wapelelezi wa serikali kuu, walikua wamesimama ng'ambo ya barabara wanaangalia, hawakunyanyua mguu.

Mama Watatu mi nilivyoijua hii habari nilikaa kimya muda mrefu. Kupeleka mkate na maji kwa mtu aliyesimama kwenye foleni lilikua kosa la kukupeleka jela. Leo mwanao wa miaka 12 atasimama mji ule ule na boksi la barafu, atampa chupa bibi ambae inawezekana alikuwepo kwenye ile foleni na mama yake, na askari wa Selma atapita pembeni aombe na yeye moja. Hakuna bendera ninayoweza kuilinganisha na hiyo kazi.

Alafu wilchea. Kulikua na mama mmoja wa pale Selma, Amelia Boynton, yeye na mumewe walianza kuhangaika na mambo ya kuandikisha wapiga kura miaka mingi sana kabla dunia haijaisikia Selma. Siku ile ya 7 Machi alipigwa hadi akapoteza fahamu, picha yake akiwa amelala chini darajani ikazunguka dunia nzima. Mwaka 2015 ilipotimia miaka 50 alirudi kwenye daraja lile lile akiwa ameshapita miaka 100, yuko kwenye kiti cha magurudumu, na aliyemshika mkono ni rais Barack Obama. Mama Boynton alifariki mwaka huo huo mwezi wa nane. Lakini wapo wenzake bado, wale watu wa kawaida, mama ntilie, vinyozi, wanafunzi wa wakati ule, wenyewe wanawaita askari wa miguu. Wengi sasa hawawezi kupanda daraja wenyewe. Lile daraja ukiliona kwenye picha unaona limenyooka, sivyo, limepinda kama mgongo wa punda, unapanda kwanza alafu ndo unashuka, ukiwa chini upande wa mjini huoni kilichopo upande wa pili. Urefu kama mita 380. Kumsukuma mzee pale kunataka mikono miwili ya vijana na breki zinazoshika, kwaiyo mwambie skautimasta wawafundishe watoto kutumia breki KABLA, sisi tulijifunzia pale pale kwenye mteremko na nilimuomba Mungu sana.

Na chupa za kuokota. Selma ni mji mdogo na sio mji wa matajiri, na Januari 12, 2023 ulipigwa na kimbunga kikaezua paa za watu na kuangusha nyumba. Watu wanakuja maelfu kwa maelfu Jumapili, wanasiasa wanahutubia, kamera zinawaka, jioni kila mtu anapanda gari lake. Jumatatu asubuhi wanabaki wenye mji. Mtoto aliyebaki nyuma na mfuko wa taka ndio amewaheshimu wale wenyeji, mi naona hivyo na sitabadilisha.

Sasa baba watoto. Mpe salamu zangu na umwambie kwa heshima kwamba hiyo historia ya watu ndiyo iliyompa nyumba anayokaa. Sheria ya haki ya kupiga kura ilisainiwa tarehe 6 Agosti 1965, miezi mitano baada ya damu ya Selma. Tarehe 3 Oktoba mwaka huo huo, bunge lile lile, rais yule yule Lyndon Johnson, ikasainiwa sheria ya uhamiaji iliyofuta utaratibu wa zamani wa kugawa nafasi kwa kuangalia mtu ametokea taifa gani. Chini ya utaratibu ule nchi ya Afrika ilikua inapata nafasi kama 100 hivi kwa mwaka mzima, nchi nzima! Hiyo bahati nasibu ya viza iliyowaleta nyie ilikuja baadae kwa sheria ya 1990, lakini mlango ulisukumwa 1965 na waliousukuma ni pamoja na hao wazee mwanao anaenda kuwapa maji.

Na wenyewe walikua wanatuangalia sisi. John Lewis, yule kijana wa miaka 25 aliyeongoza msafara darajani pamoja na mwenzake Hosea Williams, yeye Lewis akapasuliwa kichwa, mwaka 1963 alihutubia Washington akasema mtu mmoja kura moja ndicho kilio cha Afrika na ni chetu pia. Mwaka uliofuata alifika mpaka Nairobi. Kwaiyo mtoto wa Kitanzania akisimama pale na skafu yake hajaingilia sherehe ya watu.

Siasa. Hapa baba watoto ana hoja na nisimdharau. Kwenye kumbukumbu ya Selma viongozi wanakuja, na mwaka wa uchaguzi wanakuja zaidi. Kanuni ya skauti Marekani iko wazi, skauti kama chama hakiingii kwenye siasa za vyama, na mtoto akiwa amevaa yunifomu hatakiwi kubeba bango la mgombea wala kuvaa beji yake. Kusaidia watu, kuongoza njia, kupandisha bendera ya taifa, hayo ni sawa. Akitokea mtu anawapanga watoto nyuma yake wapige picha ya kampeni, skautimasta anatakiwa awatoe kwa adabu. Muulize kabisa hilo atalifanyaje, muulize kwa simu sio kwa meseji.

Kingine, lazima wawepo viongozi wakubwa wawili au zaidi waliosajiliwa, hii ni sheria na sio hiari, na kama mnalala kanisani uliza watoto wanalala wapi na wakubwa wanalala wapi. Jaza fomu ya afya vizuri, aleji usifiche. Asubuhi Machi kule kuna baridi na saa sita unatafuta kivuli, kwaiyo jaketi la kuvua, viatu alivyozoea (sio vipya!) na maji YAKE mwenyewe manake watoto wanagawa maji siku nzima wao wenyewe wanasahau kunywa. Wa kwetu alitaka kuzimia saa nane mchana akiwa amezungukwa na katoni kumi za maji.

Mwalimu habari. Mi swali langu fupi. Hao skauti tunaowasifia si ndo walikua wanabagua watu weusi hapo zamani? Inakuaje leo wanaenda kujipendekeza kwenye kumbukumbu za haki?
Msomaji, Minneapolis

Nzuri ndugu yangu. Ni kweli, walibagua. Skauti Marekani ilianza 1910, na mwaka 1911 tu kule Elizabeth City, North Carolina, kulikua tayari na kundi la watoto weusi na wakubwa wa mji hawakulitaka. Makao makuu kwa miaka mingi waliachia kila mji uamue wenyewe, na kusini waliamua kama walivyoamua mambo mengine yote, weusi mbali weupe mbali, kama wameruhusiwa kabisa. Kanda ya mwisho kuachana na utengano ilifanya hivyo 1974. Sabini na nne! Miaka kumi nzima baada ya sheria ya haki za raia ya 1964.

Sasa mi sisemi tusahau. Nasema watoto waambiwe, na waambiwe ndani ya basi wakiwa njiani, na kiongozi mwenyewe mwenye yunifomu. Kwenye safari yetu skautimasta alisimama mbele ya basi akawaambia kwamba yunifomu hii mliyovaa wapo watoto wa rangi yako na yako waliokatazwa kuivaa, akanyamaza. Kijana mmoja mweupe akauliza walifanya nini sasa. Akajibiwa waliunda makundi yao makanisani mwao, wakajifunza mafundo yale yale na ahadi ile ile. Wale watoto walishuka kwenye basi wakiwa watulivu kuliko walivyopanda. Wewe unaita kujipendekeza, mi nadhani chama kilichokosea kinatakiwa kifike pale na kiinue viti vya watu.

Jambo mama mwalimu. Miye ni baba wa Uvira, Congo, tulikaa kambi ya Nyarugusu myaka kumi na mbili mbele ya kuletwa hapa Louisville, Kentucky. Binti yangu iko na myaka 11, ku shule walimuambia aingie ku skauti na mwezi wa kwanza wanaenda kutumika siku ya Martin Luther King. Yeye anapenda sana. Lakini mama yake alimuona na ile shati, na foulard ku shingo, wanasimama ku mustari na kuitika wakubwa, akaanza kulia. Kwetu watoto wakivaa mavazi moja na kusimama mustari, unajua hawatarudi nyumbani. Aksanti ukitusaidia.
Baba Furaha, Louisville

Baba Furaha karibu sana, na mpe pole mama watoto. Barua yako niliisoma mara nyingi. Hofu ya mama Furaha ina haki yake, imetokana na alichokiona kwa macho na mimi sitamwambia ajikaze.

Nachokuomba ni kitu kimoja, msimpeleke binti alafu mkae nyumbani mkisubiri. Nendeni wote watatu siku ya mkutano wao wa kawaida, mkae nyuma kwenye viti. Mzazi ana haki ya kukaa na kuangalia, hakuna mkutano wa siri skauti, na ukiona kiongozi anakuambia usiingie basi mchukue mtoto wako mwondoke. Mtaona wanafunga kamba, wanabishana nani apike kambini, wanasahau wimbo. Muulize kiongozi mambo mawili, kama mtoto anaweza kukaa peke yake na mtu mzima mmoja (jibu sahihi ni hapana, kanuni hairuhusu) na kama mtoto anaweza kuacha siku yoyote akitaka. Jibu la hilo ni ndiyo, na mama alisikie kwa masikio yake manake nadhani hapo ndipo moyo wake utashuka. Mlichokimbia nyie kilikua hakina mlango wa kutokea.

Lingine nikuambie mapema usije ukashtuka, kwenye kambi za kiangazi kuna mchezo wa kulenga shabaha, kwa mishale na kwa bunduki ndogo chini ya usimamizi. Mna haki ya kusema binti yetu hapana. Mwandikie kiongozi barua kabla ya kambi na umweleze sababu, hamna haja ya kuona aibu, kiongozi mwenye akili ataelewa na atamtafutia kazi nyingine. Na kama mnajiuliza wasichana wanaingiaje, toka 2019 wasichana wa umri wake wanaruhusiwa kwenye makundi yao.

Hiyo siku ya King, ni Jumatatu ya tatu ya Januari. Rais Reagan aliisaini 1983, ikaanza kuadhimishwa 1986, na 1994 bunge likaongeza kwamba iwe siku ya kujitolea, mmoja wa waliopeleka huo mswada ni yule yule John Lewis wa darajani. Kwaiyo binti akienda kupanga vyakula vya msaada ama kufagia uwanja wa shule siku hiyo, sheria yenyewe ndo inavyotaka. Na nyie nendeni, mkafagie nae! Louisville ni mji alikozaliwa Muhammad Ali mwaka 1942, yule aliyekuja kwenu Kinshasa 1974 watu wakaimba jina lake, na kuna jumba lake la kumbukumbu hapo mjini. Mchukueni Furaha mkamwonyeshe. Ali aliwahi kukataa kuvaa gwanda la jeshi mwaka 1967 akavuliwa ubingwa. Mama Furaha aisikie hiyo habari, nadhani atampenda.

Mwalimu, sisi ni skauti wa sekondari huku Nyeri Kenya. Kila mwaka tarehe 22 Februari tunafagia na kupamba kaburi la Baden-Powell, mwanzilishi wa skauti, wageni wanatoka kila nchi. Tumesoma kwenye hili jarida habari za Selma tukajiuliza na sisi tufanye nini cha haki za watu wetu?
Kikosi cha Simba, Nyeri

Vijana wangu mmeuliza wenyewe na jibu mnalo hapo mlipo. Baden-Powell alifariki Nyeri Januari 1941, na miaka 15 baadae, Oktoba 1956, Dedan Kimathi, kiongozi wa wapiganaji wa Mau Mau, alipigwa risasi akakamatwa huko huko Nyeri na akahukumiwa mahakama ya hapo hapo mjini. Akanyongwa gereza la Kamiti tarehe 18 Februari 1957. Tarehe 18 na tarehe 22, zinapishana siku nne tu! Kabla hamjapamba kaburi la mwanzilishi, hizo siku nne zinazotangulia watafuteni wazee wa Mau Mau waliobaki vijijini kwenu, wengi wamepita miaka 90. Msiende na hotuba. Nendeni na kuni, na maji, muulize kama kuna paa linavuja. Mkienda kwenye ibada ya kumkumbuka Kimathi chukueni viti mkawapangie wazee kivulini kabla wakubwa wenye magari hawajafika wakakaa. Mzazi akiuliza kama ni siasa mwonyesheni jibu nililompa Mama Watatu hapo juu.

Shikamoo bibi, najua wote wanakuita mwalimu ila we ni kama bibi yangu. Nina miaka 15, niko skauti Georgia, wazazi wangu ni wa Mombasa. Mwaka jana trupu yetu ilienda Selma nikawekwa kwenye meza ya maji. Akaja mzee mmoja mrefu ana kofia, nikampa chupa, akaniangalia, akaangalia yunifomu, alafu akaanza kulia. Alinishika mkono muda mrefu sana. Mi sikusema kitu, nlikua naogopa, kulikua na foleni nyuma yake. Baadae akaniachia akaenda. Toka siku ile najisikia vibaya kama nilikosea. Mwaka huu tunaenda tena, nikimwona nimwambie nini?
Salim, Georgia

Marahaba mjukuu wangu. Hukukosea. Hukuvuta mkono wako, hukutoa simu umpige picha, hukucheka. Ulikaa. Watu wazima wengi wangeshindwa hapo.

Sijui yule mzee alikua analilia nini na wewe hujui. Lakini nikueleze walioandamana Selma walikua na umri gani, labda utaona alichokiona yeye alipokuangalia. Januari 22, 1965, walimu weusi zaidi ya mia wa Selma waliandamana kwenda mahakamani wakiongozwa na mwalimu na mchungaji Frederick Reese, wakiwa na miswaki mifukoni kwa sababu walijua wanaweza kulala ndani. Mimi kama mwalimu hiyo miswaki inaniliza hadi leo. Wanafunzi wao walipoona mwalimu wa hesabu anasukumwa kwenye ngazi hawakukaa tena darasani, wakatoka kwa mamia. Februari 10 sherifu Clark alichukua watoto kama 165 akawakimbiza barabarani nje ya mji, watu wake wako kwenye magari na zile fimbo za umeme, mtoto akichoka anaguswa. Darajani tarehe 7 Machi alikuwepo mtoto wa miaka minane, Sheyann Webb, mabomu ya machozi yalipolipuka Hosea Williams akamnyanyua akawa anakimbia nae, na yule mtoto akamwambia nishushe, hukimbii haraka vya kutosha. Na kwenye maandamano makubwa yaliyofuata, yale ya kilomita 87 mpaka Montgomery kuanzia Machi 21 mpaka 25, Lynda Blackmon alitimiza miaka 15 akiwa njiani. Umri wako Salim.

Labda yule mzee siku zile alikua na umri wako.

Sasa nikuambie kilichotokea kwetu. Mjukuu wangu alipewa kumsaidia bibi mmoja mfupi mwenye fimbo, amekataa wilchea kabisa, anataka kupanda daraja kwa miguu yake. Nlikua nyuma yao hatua tatu. Wanaenda wanasimama, wanaenda wanasimama, watu wanawapita pande zote mbili wakiimba. Mtoto hasemi kitu, ameshika kiwiko cha bibi na chupa ya maji kwa mkono mwingine. Walipofika pale juu kabisa ambapo ndo unaanza kuona upande wa pili bibi akasimama. Akamwambia hapa ndipo tulipowaona. Mjukuu wangu akaangalia mbele, kulikua na watu wanachoma nyama na watoto wanakimbia na maputo. Akamuuliza walikua wangapi. Bibi akasema barabara yote, upande huu mpaka upande ule, na wengine juu ya farasi.

Alafu akaiegemeza fimbo yake kwenye chuma cha daraja akaanza kumtengeneza mtoto skafu. Ilikua imekaa upande siku nzima mimi sikuiona. Vidole vyake vilikua vinatetemeka, kile kipete cha skafu kikamponyoka kikabingirika, nikakiokota mimi nikampa, akakipandisha mpaka chini ya kidevu cha mtoto akakaza akapiga pale kifuani mara mbili na kiganja. Akachukua fimbo yake. Wakashuka.

Mjukuu wangu hakumwambia neno lolote la maana, alimwambia asante bibi, kwa Kiswahili, alisahau kabisa kama yuko Alabama. Na yule bibi akaitikia kwa kichwa kama ameelewa.

Kwaiyo mwaka huu Salim, omba upangiwe meza ile ile ya maji, na umwombe mwenzako mmoja akae karibu akupokee foleni likitokea jambo. Mzee akija mpe chupa kwanza, umfungulie kifuniko manake vidole vya wazee vinapata shida na zile chupa. Alafu muulize jina lake, na muulize siku ile alikua amesimama sehemu gani ya daraja. Akitaka kukuonyesha nenda nae, lakini mwambie kiongozi wako unaenda wapi. Usiku mkirudi kwenye basi kabla hujalala andika kwenye daftari maneno yake kama alivyoyasema yeye, kisha uniletee barua nyingine.